Wali wa Bibi wa Igunga

Mjukuu wangu alirudi kutoka shuleni akitaka kujua maana ya kufyonza. Siku zote huniuliza mimi, lakini safari hii alimkimbilia bibi mzaa baba yake, aliyetutembelea kutoka Igunga na mchele wake. Yule akamwaga mchuzi juu ya wali.

"Umeona unavyozama, mume wangu? Ndiyo kufyonza."

Mume wake tangu lini, nami ndiye niliyemlea hapa Chemchem? Jioni nikamwaga mchuzi juu ya ugali wangu. Mchuzi ukateleza mpaka ukingoni mwa sahani.

"Bibi, wako haufyonzi!"

Mgeni akacheka mpaka akajifuta machozi kwa khanga.

Alipoondoka tu, nilinunua mchele, tena wa Igunga. Mjukuu alipouliza, nikamwambia, "Mume wangu, huu ni wa hapahapa Tabora."