Chumba cha Msafiri, Azaiba

Miaka ya tisini baba alikwenda India kutibiwa macho, nami bintiye nikafuatana naye kumshika mkono. Alipofunguliwa bendeji tukaondoka Delhi kwenda kutazama makaburi ya wafalme Agra. Hatukufika mapema, kwa sababu dereva alisimama njiani tunywe chai, kando ya gofu moja kubwa, na baba akaingia ndani akakataa kutoka.

Ilikuwa sarai, nyumba ya wasafiri ya zama za wafalme wa Kimughal. Lango lake ngamia aliyebeba mzigo angepita bila kuinama. Ndani mna ua wa mraba wenye kisima, na pande zote vyumba vidogo vya matao, kuta nene, kila kimoja na shubaka la taa. Mlinzi alitueleza kwamba kila jua likitua lango lilifungwa, na aliyekwisha kuingia alilala salama. Baba alichungulia vyumba vyote. Mimi nilikuwa nimenuna, jua linanichoma, mpaka nikamwona anafuta machozi.

"Sie tulipokuja Muscat kutoka Unguja," akanambia, "tulilala sebuleni kwa watu, mpaka mamako akawa anaona haya kucheka kwa sauti."

Wakati huo nyumba yetu ya Azaiba, mtaa wa Muscat, ilikuwa inajengwa. Tuliporudi Muscat baba akaamuru kiongezwe chumba karibu na geti, chenye tao, ukuta mnene na shubaka. Mama akaja juu.

"Bwana weye, mie nnataka jiko kubwa, wewe wanijengea banda la ngamia?"

"Cha dada yako hicho."

Jiko halikutajwa tena. Dada yake mama, aliyemlea, alibaki Unguja, na hawakuwa wameonana tangu mama alipokuwa bibi harusi. Basi hata gunia la mchele halikuruhusiwa kuwekwa mle. Kila Ijumaa mama alibadilisha shuka, akafukiza udi, akangoja. Mara pasipoti haijatoka, mara mgonjwa, mara mjukuu kazaliwa. Miaka ikapita. Nilikichukia kile chumba, maana kila Ijumaa mama alitoka mle macho mekundu.

Elfu mbili na kitu, mama mkubwa akaja. Baba hakumpa hata nafasi ya kunywa maji. Alimtembeza langoni, kwenye tao, kwenye shubaka, utadhani sarai kaijenga yeye. Mama mkubwa akagusa ukuta, akasifu, akakaa kitandani kidogo. Kisha akachukua mto.

"Chumba kizuri, shemegi, Mungu akubariki. Lakini hapa hulala msafiri. Mie nshafika."

Akaenda moja kwa moja chumbani kwa mama, akajilaza upande wa kitanda anaolala baba.

Baba akahamia sarai yake. Asubuhi nilimpelekea chai, nikakuta miwani yake imekaa shubakani. Nikamuuliza kalalaje.

"Joto humu, usinambie," akasema. "Lakini mamako kacheka usiku kucha. Umemsikia?"