Msomi wa Udi

Shangazi akiulizwa nimesomea nini, hujibu, "Udi." Hakosei. Tasnifu yangu ilihusu mpiga udi wa Austria wa karne ya kumi na nane, ambaye tungo zake karibu hakuna anayezipiga tena. Ala yake si hasa udi wetu wa taarabu, ila sikupata neno la karibu zaidi.

Mwaka mzima niliomba kazi bila kuitwa popote. Ndipo shangazi akanitafutia intavyuu Woolwich, kwenye duka la mama mmoja wa Kipemba. Ndani ya basi nilirudia maisha yote ya yule mtunzi, nisije nikababaika.

Yule mama aliniwekea mbele chetezo na vijiti viwili.

"Haya mwanangu, msomi wa udi. Upi wa kweli?"

Nilitaka kueleza, lakini nilishachoka kujieleza. Nikavinusa. Kimoja kilinukia kama sebule ya shangazi siku ya Idi.

"Hiki."

"Kumbe chuoni wanafundisha," akasema. "Jumatatu saa tatu, usichelewe."

Nilirudi nikijiuliza kama nimemdanganya. Jumatatu nilifika saa mbili na nusu.