Maji Yaliyokuja Jua Likiwaka

Nyinyi vijana, sikilizeni. Juzi mjukuu wangu alinionyesha kwenye kompyuta vile wimbi la mafuriko hushuka mtoni, amelipigia hesabu. Nilimkumbuka dada yangu Mwende.

Tulikuwa tukichota maji kwenye shimo tulilochimba mchangani, katikati ya mto mkavu. Jua liliwaka. Upepo ulileta harufu ya udongo uliolowa, kisha mngurumo.

"Ni ng'ombe wanakuja kunywa," nilisema.

"Ng'ombe gani, wewe? Panda juu!"

Mwende alinisukuma ukingoni, akarudi kumfungua punda wetu. Maji yalikuja mekundu, yamebeba magogo, yakawachukua wote wawili.

Sikujua kwamba mvua ya milimani huua watu walio kwenye jua. Hapa kwangu nimeamuru: mto ukinguruma, mwacheni punda afe.