Amina Kabla ya Dadu

Niseme mapema, ili anayetaka kuninunia aanze sasa: mchezo huu niliutengeneza mimi. Sikusaidiwa na mtu. Nilikwenda Doha kupanga masanduku ghalani, nikarudi na diploma ya usanifu na uchapishaji niliyoisomea jioni baada ya zamu, miguu imevimba, macho yanauma. Niliotoka nao mtaani walirudi na televisheni. Mimi nilirudi na cheti na mfuko wa dadu zenye pande nyingi, na wakanicheka.

Mchezo wenyewe niliuona kwa Wafilipino tuliolala nao chumba kimoja. Ijumaa, siku yetu ya mapumziko, walikaa chini kuzunguka katoni iliyogeuzwa meza. Mmoja alikuwa msimulizi. Aliwaeleza wenzake wako wapi na kuna nini mbele yao, kisha akauliza: unafanya nini? Kila mmoja alikuwa na mhusika wake, ameandikwa kwenye karatasi, nguvu zake na udhaifu wake. Ukitaka kufanya jambo gumu unarusha dadu, na dadu inaamua. Hakuna anayeshinda. Kuna hadithi tu, na hata msimulizi hajui itaishia wapi. Ijumaa ya kwanza nilikaa nao kwa kukosa pa kwenda. Iliyofuata nilifika kabla yao.

Wao walicheza mazimwi na mapanga. Mimi nilijua nyumbani kuna kitu bora zaidi.

Baba alikuwa karani wa reli, na tulikaa nyumba za wafanyakazi mtaa wa Makongeni. Abiria husahau vitu, na vile ambavyo havikudaiwa viligawanywa ofisini. Wenzake walichukua miavuli na makoti. Baba akaja na furushi la vitabu vya katuni vya Kiingereza, vya kale, vya enzi zile hadithi za mashujaa zilipokuwa ndiyo kwanza zinaanza kuchorwa, majalada yote yameng'oka. Mama alimuuliza kama tutakula karatasi. Kwa kuwa hatukuwa na majalada, majina ya mashujaa tuliyatunga wenyewe. Kofia alikuwa mwana mazingaombwe aliyechezesha vidole, na risasi zikawa vipepeo. Kivuli alikuwa mwanamke aliyepita chini ya milango iliyofungwa. Chaki alichora mlango ukutani, kisha akaufungua na kutoka. Mimi na rafiki yangu wa mlango wa pili, ambaye sasa ni fundi wa kuchomelea vyuma Kariobangi, tulijifunza Kiingereza humo kabla mwalimu hajatufikisha.

Niliporudi niliyakuta makaratasi hayo katika sanduku la mama, chini ya mablanketi, yananuka dawa ya nondo. Nikaanza kazi.

Na ni kazi. Watu hudhani kumtoa shujaa kitabuni na kumweka mezani ni kunakili tu. Katuni hizo za mwanzo zina ugonjwa wake: shujaa wa mazingaombwe anaweza kufanya lolote. Ukurasa wa kwanza Kofia anasimamisha treni kwa kuinua mkono. Ukurasa wa nne anapigwa chupa ya kichwa na mwizi wa kawaida, analala kama gunia. Waliochora hawakujali, walitaka hadithi iishe. Lakini mezani, shujaa anayeweza kila kitu anaua mchezo. Mwingine akae afanye nini? Nimeona jinsi wengine mtandaoni walivyolitatua jambo hili: wanampunguza mpaka anabaki kurusha vijimoto. Upuuzi mtupu. Huyo si Kofia tena, huyo ni kiberiti.

Mimi niliyasoma upya makaratasi yale, nikaona kinachomzuia Kofia ni kurasa. Hadithi ni fupi, mchoraji ana nafasi chache. Basi kila mchezaji nikampa kadi chache, nikaziita kurasa. Unaweza kufanya muujiza wowote, hata kusimamisha treni, bila mtu kukukataza. Lakini unaweka ukurasa mezani kabla ya kurusha dadu, na ukurasa huo unamwendea adui, naye atautumia dhidi yako. Zikikwisha, wewe ni mtu mwenye kofia tu. Nguvu ikabaki kubwa kama ilivyochorwa, na woga ukabaki pia. Hilo hata diploma haikunifundisha. Kadi nilizichora upya mwenyewe, nikazichapa dukani kwangu Kariobangi, kwenye karatasi nzito ninayotumia kwa kadi za harusi.

Kilichokosekana kilikuwa mahali. Chumba changu cha Kware kina kitanda na mtungi wa gesi. Watu wanne wakiingia, mmoja lazima asimame mlangoni. Dukani kuna mashine na wateja wa vipeperushi vya mazishi. Chumba kilichofaa kilikuwa kimoja tu, cha mikutano ya wakazi wa Makongeni, chenye meza ndefu na madirisha yanayofunguka. Ufunguo anao mwenyekiti wa kamati, mama aliyetufundisha Sunday School mimi na fundi tukiwa wadogo. Alipopata fununu kwamba nataka chumba kwa mambo ya uchawi na dadu, alinipigia simu.

"Wewe mtoto wa karani," alisema, "umetoka Uarabuni na kamari?"

"Si kamari, Mwalimu. Hakuna senti mezani."

"Na hao wachawi?"

"Ni wa karatasi."

"Nitakuja Jumamosi nikae nione kwa macho yangu. Nikiona ubaya, hamtaingia tena."

Akikataa, hakuna mahali pengine, na kazi yote ile inarudi sandukuni kwenye dawa ya nondo.

Jumamosi hiyo mchana nilifika mapema, nikafuta meza, nikapanga kadi. Fundi alikuja na mke wake, anayeuza nguo za mitumba na ana mdomo usiopoa. Wa tatu alikuwa karani mmoja wa ofisi za kaunti, mwanamke wa Kanisa hadi kucha, lakini aliyeniambia kwamba tangu utotoni mwake hakuna aliyewahi kumuuliza angefanya nini kama angeweza lolote. Huyo nilimpa Kivuli. Fundi alichukua Kofia kabla sijaketi. Mkewe akapata Chaki.

"Huyu mwarabu wetu ametuvalia shati ya pasi," mke wa fundi alisema. "Ni mchezo ama ni ruracio ya kulipa mahari?"

"Ni mchezo. Keti."

"Nauliza tu, buda. Ningebeba mbuzi."

Mwalimu akaingia na mkoba wake, akakaa mwisho wa meza. Akatutazama mmoja mmoja. "Nani atafungua kwa maombi?"

Mtu wa huku anajua. Kikao chochote, cha chama, cha matanga, hata cha kugawana zamu za maji, hakianzi bila maombi, na mwenye kikao ndiye huchagua wa kuomba. Mimi nilitaka kumpendeza. Nikasema, "Tafadhali, Mwalimu, utuombee wewe."

Akasimama, tukainamisha vichwa. Alishukuru kwa uzima, akamkumbuka marehemu baba. Kisha sauti ikapanda. Akafunga kila nguvu ya giza ndani ya chumba hicho, akafunga kila uchawi, wa asili na wa kigeni, wa kutamkwa na wa kuandikwa, usiweze kufanya kazi yoyote mezani hapo. Tukaitikia amina. Nami nikaitikia, kwa sauti.

Nikaanza kusimulia. Ghala mjini, mlango wa chuma, ndani yake mtu aliyeteka mvua yote akaitia kwenye mitungi, na jiji zima limekauka. Nilisimulia vizuri, sitajificha. Karani aliacha kutafuna peremende yake. Mwalimu mwenyewe aliegemea mbele. Walinzi wakatokea na bunduki, nikamgeukia fundi.

"Kofia, wanakulenga. Unafanya nini?"

Fundi alishika kadi yake, akaitazama, akaiweka chini.

"Siwezi kufanya kitu."

"Una kurasa zako zote!"

"Si Mwalimu ameshafunga?"

Nilicheka. Nilidhani ni mzaha. Nikamtazama mke wake, nikaona hacheki.

"Ukweli," alisema. "Na tuliitikia amina. We pia uliitikia, tena yako ndiyo ilisikika zaidi."

"Yale ni maombi ya mambo ya kweli! Hii ni karatasi niliyoichapa mwenyewe!"

"Wa kutamkwa na wa kuandikwa," karani alisema polepole, ameinamia kadi ya Kivuli. "Alisema hivyo. Mimi siwezi kusema amina halafu nipite chini ya mlango."

"Hupiti wewe! Anapita Kivuli!"

"Kivuli yuko mkononi mwangu."

"Manze, usitupigie kelele," fundi akasema. "Tutaingia kwa miguu. Niko na mtarimbo kwa karakana."

"Kofia hana mtarimbo!"

"Mimi niko nao."

Basi mashujaa wa miujiza waliodumu kurasani tangu enzi za babu zetu, mashujaa niliowavusha jangwa na bahari kichwani mwangu, waliingia ghala lile kwa mtarimbo wa Kariobangi. Mke wa fundi alijaribu kumtongoza mlinzi ili ampe ufunguo. Karani alipendekeza waripoti kwa chifu. Dadu zilikaa katikati ya meza, hakuna aliyezigusa. Ningeambiwa mchezo wangu ni mbaya, ningejibu. Ningefukuzwa, ningejibu. Lakini kukaa na watu wazima watatu, waliokuja kwa hiari yao, waliopenda kadi zao, kisha wakazilaza kifudifudi kwa adabu! Nikafunga hadithi kabla ya mitungi kupatikana.

Mwalimu akafuta miwani yake. "Sasa ndio huo?"

"Ndio huo."

"Sikuona ubaya wowote. Watu wanaongea tu. Chumba ni chenu kila Jumamosi." Akatikisa ufunguo. "Nami nitakuwa nikija kufungua kwa maombi, hivi hivi."

Wenzangu walifurahi. Fundi alinipiga bega, "Buda, tumepita!" Niliutoa mkono wake begani. Mwalimu alipitisha mchezo kwa sababu hakuuona. Alibariki meza tupu. Na masharti yake yalikuwa kwamba ibaki tupu.

Wiki nzima nilikata karatasi vibaya dukani. Mteja alikuja kuchukua programu ya mazishi, nikamjibu kama ni yeye aliyeniudhi. Fundi alipita na soda kunituliza.

"Si upunguze tu uchawi? Kofia awe, yaani, mwerevu sana."

"Nilipokuwa Doha nililala njaa ili nilipe karo."

"Najua. Umetuambia."

"Sikulipa karo ili nimtengenezee Kofia mtarimbo."

"Lakini tukikosa chumba?"

"Tutakuwa tumekosa chumba."

Akamalizia soda niliyokataa. Akaniuliza kama nakumbuka ukurasa ule Kofia anageuza risasi kuwa vipepeo, na mmoja anakaa kwenye kofia yake. Nakumbuka. Tuligombania ukurasa huo mpaka ukachanika, na sehemu yenye kipepeo alikwenda nayo yeye. Alisema bado anayo, ndani ya Biblia ya mama yake. Nikamuuliza, kama ni hivyo, Jumamosi aliona nini kibaya? Akasema hakuona kibaya. Alisema aliogopa kumwaibisha Mwalimu, kwamba mtu aombe kitu mbele ya watu kisha waone hakikushika.

Hapo hasira yangu ikapata njia.

Jumamosi iliyofuata Mwalimu alikaa mahali pale pale. "Nani atafungua kwa maombi?" aliuliza, na tayari alikuwa ameanza kuinuka.

"Mimi," nikasema.

Alibaki nusu amesimama. Mwenye kikao ndiye huchagua. Hilo alitufundisha yeye mwenyewe. Akakaa. Fundi alinitazama kama mtu anayeona mwenzake akivuka Jogoo Road bila kuangalia. Vichwa vikainama.

Niliomba nikiwa nimekasirika, na sikuificha sauti. Nilishukuru kwa chumba. Nilishukuru kwa baba yangu aliyeacha miavuli akachukua katuni, na kwa mwalimu aliyetufundisha kwamba bahari iligawanyika na fimbo ikawa nyoka, tukaamini, tukiwa na kaptula zilizotoboka. Niliomba wageni wa meza hii wapewe ujasiri wa kufanya makubwa. Nikafika mwisho.

"Umesahau kufunga uchawi," mke wa fundi akanong'ona.

"Sijasahau," nikasema, macho bado yamefumbwa.

Hakuna aliyeitikia. Mtu hamalizi maombi mwenyewe akaitikia peke yake, hungoja. Nilisikia kiti cha Mwalimu kikilia, nikajua anainuka, nikajua anachukua ufunguo. Mikono yangu ilikuwa imeshaanza kukusanya kadi.

"Hiyo ya nyoka," alisema, "nilikufundisha ukiwa umekaa mbele, kwa sababu ulikuwa unapiga wenzako." Akakohoa. "Amina."

Wengine wakaitikia kwa haraka, kama watu walioshikilia pumzi. Nilipofumbua macho alikuwa amekaa, amesogeza kiti karibu na meza, mkoba mapajani. Hakutabasamu, nami sikumshukuru. Bado namdai Jumamosi moja.

"Mvua iko kwenye mitungi," nikasema. "Walinzi wamewalenga. Kofia, unafanya nini?"

Fundi alichagua ukurasa, akaulaza katikati ya meza, uso juu. Kisha akachukua dadu.