Mitetea Ishirini na Tisa

Mke wangu alipofariki aliniachia mitetea arobaini wa kisasa. Aliwaagiza wakiwa vifaranga, wakaja kwa basi kutoka Mwanza ndani ya boksi lenye matundu. Ilikuwa miaka ile biashara ilipofunguliwa, Bariadi ikajaa maduka ya watu binafsi. Mimi nilijua ng'ombe na pamba. Kuku walikuwa wake.

Wiki ya tatu baada ya mazishi wakaanza kuhara. Muuzaji wa dawa za mifugo akanipa unga wa njano, niweke kwenye maji yao siku tano. Niliweka siku kumi na tisa, tena kwa kukisia, kama tulivyozoea kumzidishia dume la ng'ombe. Kumi na mmoja wakafa. Hao niliwaua mimi, sijawahi kumsingizia muuzaji.

Kaka yangu akasema waliobaki tuwachinje siku ya kumaliza msiba. Nikamjibu kwamba wanaumwa, hawaliki.

"Basi wahi, kabla hawajajichinja wenyewe."

Sikucheka. Mungu hakutujalia watoto. Kuku wale wangeisha, hakuna kitu alichokianzisha mke wangu ambacho kingebaki hai.

Mama mkwe akaja kutoka Ngulyati kuwaona. Kwetu mwanaume na mama mkwe wake hawasogeleani, kwa hiyo alisimama nyuma ya banda, mimi mbele, tukaongea kupitia kwenye fito.

"Baba, mtoto akivurugwa tumbo na dawa mnampa nini?"

"Sijui, mayu," nikamjibu, yaani mama kwa kilugha chetu. "Sijawahi kulea."

"Maji ya mtindi. Na hiyo dawa iache."

Nikaimwaga. Kila asubuhi nikawa nachuja maziwa yaliyoganda, maji yake nachanganya na pumba. Kaka akapita, akatangaza mpaka kwa majirani kwamba kwangu kuku wanakunywa maziwa na ndugu wanakunywa chai ya rangi.

Siku ya nne kinyesi kikaanza kushikana. Wiki ya pili walikuwa wanapigania chakula kwenye chombo. Baadaye bwana mifugo alinieleza kwamba tumboni mwa kuku kuna vijidudu vizuri vinavyosaidia kusaga chakula na kuvizuia vibaya, na kwamba dawa yangu ilifagia vyote, ila mtindi unavyo hivyo vizuri. Labda kuacha dawa peke yake kungetosha. Sijui. Ninachojua, tangu asubuhi ya kwanza ya mtindi hakufa hata mmoja.

Siku ya kumaliza msiba walikuwa ishirini na tisa, wamekwisha kuanza kutaga. Hakuchinjwa hata mmoja. Tulipika wali, maharage, na mayai sufuria mbili. Mama mkwe, akiwa upande wa wanawake, alituma mtu aniambie kwamba mwanawe alijua kufuga. Nilisimama nyuma ya nyumba kidogo, kisha nikarudi kwa wageni.

Kaka yangu alikula mayai manne. Wakati wa kuaga akaniomba mitetea wawili ampelekee mkewe. Nilimnyima, na nilimnyima kwa furaha.