Pointi za Nyota

Dada yangu hajui kuwasha kompyuta, lakini mstari wake anajua kuusoma. Alikuwa akirudi kutoka sokoni, anatua beseni la samaki mlangoni, na kabla hata ya kuvua viatu ananiuliza: "Mudogo, leo inapanda?" Namgeuzia kioo cha kompyuta aone mwenyewe. Mstari ukiwa umepanda, anapiga makofi, anamshukuru Mungu na kuingia jikoni akiimba. Ukiwa umeshuka, anasonga bukari, ugali wetu, kimya kimya, na sisi wengine tunakula kimya kimya.

Mstari wenyewe ni wa pointi. Kuna wataalamu huko duniani wenye hesabu kubwa kuliko mashine walizo nazo. Basi wanazikata hesabu hizo vipande vipande, na watu wa kujitolea wanakopesha kompyuta zao za nyumbani. Mashine yako inapokea kipande kupitia intaneti, inakitafuna saa kadhaa, inarudisha jibu. Hulipwi kitu. Unapewa pointi tu, na kuna tovuti inayochora mstari wa pointi zako siku kwa siku, inakupanga na wenzako, na nchi yako inaipanga na nchi nyingine.

Mimi ni mtu wa mistari. Kazini, kwa mkandarasi mmoja wa mgodi, nafuata mwenendo wa malori: lipi limetoka shimoni, lipi limelala njiani, lipi limekunywa mafuta kupita kiasi. Lakini mistari ya kazini ni ya wakubwa. Ikipanda wanapongezwa wao, ikishuka naitwa mimi. Huu wa nyumbani ulikuwa wangu, na niliupenda kama mtu anavyopenda kuku wake mmoja.

Tunaishi Dilala, katika nyumba ya kampuni ambayo baba yetu aliachiwa baada ya kutumika maisha yake yote. Wazee wetu walitoka Kasai kuja kuchimba, sisi tukazaliwa hapa Kolwezi na kuzoea vumbi lake. Tuko watu watatu: mimi, dada yangu mkubwa ninayemwita Yaya, na binti yake wa darasa la tatu. Mume wa dada alikwenda upande wa Tenke kutafuta kazi. Alipata kazi, na mke mwingine pia alimpata hukohuko.

Mtoto ana selimundu, ugonjwa wa damu ambao kwetu kila mtu anauita SS. Baridi ikimshika, au akichoka, au bila sababu yoyote, inamjia krizi: magoti na mgongo vinamuuma mpaka sauti ya kulia inakatika. Dada anauza samaki wa kugandishwa, wale tunaowaita tomson, anaowaweka kwenye friza yake. Friza ndiyo chakula, ndiyo shule, ndiyo dawa za mtoto. Ubaya ni kwamba nyaya za nyumba hii ni za zamani. Friza na kompyuta yangu vikifanya kazi pamoja, dijonkta, ile swichi kuu, inaanguka na nyumba nzima inakosa umeme.

Mwanzo ulikuwa safi, hilo nalisema bila kujitetea. Nilichagua mradi wa wataalamu wanaotafuta dawa, na siku moja wakaleta vipande vya kazi vilivyohusu damu. Nikatangaza mezani, kwa kujisifu kidogo.

"Damu kama ya mutoto?" dada akauliza.

"Ya namna ileile."

Akaacha tonge mkononi. Nilimweleza kwamba mambo haya huchukua miaka, na pengine hayazai kitu. Lakini nilimweleza mara moja tu, kwa sauti ndogo, kama mtu anayesoma masharti chini ya mkataba. Kesho yake umeme uliporudi nilimkuta ameichomoa friza yeye mwenyewe. "Mashini itumike kwanza," alisema. "Samaki ilishakufa, itangoya."

Tangu hapo tukawa tunagawana umeme, na sehemu kubwa ilikuwa ya mashine. Mimi nilikubali. Tena nilikubali haraka.

Kilichoniharibu ni Zambia. Kwenye ule mpangilio wa nchi, Kongo ilikuwa nyuma ya Zambia kidogo tu, na nilivyoona, kila upande ulikuwa unabebwa na mtu mmoja mwenye mashine nzuri. Mzambia wangu sikumjua jina wala sura, ila kila asubuhi nilimtazama kwanza yeye kabla ya kutazama kama mtoto ameamka salama. Nikipanda, naye anapanda. Wenzangu wa timu, watu wa mbali, walikuwa wakiniandikia kwamba Kongo imeamka. Kichwa kikanivimba.

Mmoja wao ndiye aliyeniambia siri ya pointi: miradi hailipi sawa. Huu wa dawa, kwa mashine kama yangu, ulikuwa unatoa pointi kidogo. Kulikuwa na mwingine, wa wataalamu wanaosikiliza nyota za mbali sana, ambao uliifaa kadi ya picha ya mashine yangu na kumwaga pointi kama mvua ya Januari. Kuhama ni kubonyeza mara mbili. Nikabonyeza. Nilijiambia ni kwa wiki moja, nimpite Mzambia, halafu nirudi kwenye damu.

Mstari ukaruka. Dada aliporudi na kuuona alishika kichwa kwa mikono miwili. "Ee Nzambi! Damu inatembea!" Mtoto naye akaja kuchungulia. Mradi wa nyota ulikuwa na picha yake, duara jeusi linalozunguka, limejaa nukta nyeupe na nyekundu, na mwanga mdogo ukipita juu yake.

"Hii njo damu?" dada akaniuliza.

Sijui kwa nini watu husema uongo hutoka wenyewe. Wangu haukutoka wenyewe. Nilimtazama, nikaona furaha yake, nikaona kwamba furaha hiyo inanihusu mimi, na nikasema ndiyo. Nilimpaka dada yangu mafuta kwa mgongo wa chupa, naye akanishukuru.

Wiki ikapita, na Mzambia akaongeza mwendo. Nikaongeza wiki nyingine. Baridi ya mwaka ikaingia, ile ya asubuhi za vumbi jekundu na midomo kupasuka, na mchana mmoja mtoto akapata krizi mbaya. Tulimlaza kwenye godoro sebuleni. Mama yake alikuwa anamkanda magoti kwa kitambaa cha maji ya moto, mimi nikimshikia kikombe, kwa sababu watoto wa SS lazima wanywe maji mengi. Alilia mpaka akachoka, kisha akageuza kichwa upande wa meza yangu.

"Manseba, unifungulie damu."

Manseba ni mimi. Watu wetu wa Kasai ndivyo wanavyomwita kaka wa mama, na si jina la kuitana tu. Mtoto wa dada yako ni mzigo wako hata kama baba yake yupo, sembuse yuko Tenke. Nikafungua ile picha. Duara likazunguka. Mtoto alilitazama, na pumzi yake ikaanza kutulia kidogo kidogo.

"Yenye kuzunguka ile, njo yangu?"

"Njo yako."

"Banaitengeneza sasa?"

"Sasa."

Hapo ndipo nilipaswa kufa kwa aibu. Sikufa. Nilitupa jicho kwenye kona ya kioo kuona pointi za siku hiyo.

Siku tuliyompita Mzambia, dada alipika kuku. Hakuwa na habari na Zambia, yeye aliona mstari umevuka mstari mwingine, akadhani ugonjwa umeshindwa mahali fulani. Aliomba kabla ya kula, sala ndefu. Aliwataja wataalamu, akaitaja mashine, akanitaja na mimi: Mungu aibariki mikono ya ndugu yangu. Nilisema amina. Nikachukua kipande cha kuku, nikala.

Wiki hiyohiyo samaki wakaoza. Umeme ulikuwa unakuja saa chache, na saa hizo zote zilikwenda kwa nyota. Nilirudi kutoka kazini nikamkuta dada uani amechuchumaa, anachagua wale wa kuokolewa kwa chumvi na wale wa kutupa. Nzi wengi. Wa kutupa walikuwa fungu kubwa zaidi. Nilisimama na begi langu begani, nikingoja anilaumu, maana lawama ingenisaidia. Akainua uso, jasho linamtoka, akaniuliza: "Leo inapanda?"

Niliingia ndani nikaurudisha mradi wa dawa. Nilidhani nikifanya hivyo moyo utatulia. Kazi ya damu ilikuwa bado ipo, vipande vyake vikaja, mashine ikaanza kuvitafuna. Nikajisemea, basi, yameisha, hakuna atakayejua, na kuanzia sasa friza itazimwa kwa haki.

Nilisahau kwamba dada anasoma mstari.

Ulianguka kama ndoo iliyokatika kamba. Kazi ya kweli ilikuwa na pointi ndogo kama zamani, lakini zamani dada hakuwa ameona nyingi. Siku ya kwanza aliutazama mara mbili. Siku iliyofuata akauliza kama mashine inaumwa. Kisha akauliza kama wataalamu wamekata tamaa juu ya damu ya mtoto. Nikamjibu kwamba ni mambo ya intaneti. Akaacha kuchomeka friza kabisa, hata mashine ilipokuwa imezimwa. Alikuwa akisonga bukari bila kuimba, akimtazama mtoto kwa macho ya mtu anayeaga. Nilipokuwa nadanganya, nyumba ilikuwa na furaha. Nilipoanza kutenda haki, nilileta msiba. Nilitamani, Mungu anisamehe, kuzirudia nyota.

Jumamosi moja asubuhi nilisikia vitu vinaburuzwa. Nikatoka. Vijana wawili wa mkokoteni walikuwa wameibeba friza, wako nayo kizingitini, na dada anawaelekeza wasigonge ukuta.

"Inaenda wapi?"

"Lubudi. Kuko muzee moja anafungua ka butike, anaitaka." Alisema kwa wepesi, kama mtu aliyekwisha kulia peke yake. "Na feza yake utatafuta mashini ya pili. Hii moja imechoka, we mwenyewe unaona inashuka."

"Na samaki?"

"Nitauzisha karanga. Mutoto mbele."

Niliwaambia vijana waitue. Wakaitua. Nilitaka kumvuta dada ndani nimwambie faraghani, lakini friza ilikuwa imeziba kizingiti, na nikasema palepale mlangoni, vijana wakisikiliza.

"Yaya, zile nukta hazikuwa damu. Zilikuwa nyota."

"Nyota gani?"

"Za juu."

Akatazama juu, kabisa, kwenye mbingu ya asubuhi isiyo na kitu. Kijana mmoja akatazama pia.

"Mashini ilikuwa inatumika juu ya nyota?"

"Ndiyo. Nimeirudisha kwenye damu juzijuzi tu. Ndiyo sababu unaona imeshuka. Haikuchoka. Kazi ya damu ina pointi ndogo."

"Na juu ya nini uliiweka kwa nyota?"

Nilitafuta jibu lingine. Nilitafuta kweli, pale mlangoni, kama mtu anayepapasa mifukoni akijua ni mitupu.

"Zilikuwa na pointi mingi."

Hakupiga kelele. Ningependa apige. Aliuliza tangu lini, nikamwambia tangu kabla ya baridi. Nikamwona anarudi nyuma kwa mawazo, anapita kwenye samaki, anapita kwenye kuku na ile sala, mpaka anafika kwenye godoro.

"Basi siku ile mutoto alilia akaomba damu yake..."

"Ndiyo."

Aliwageukia vijana, akawaambia waitie friza ndani. Aliichomeka kwa mkono wake mwenyewe, ikaanza kuunguruma, na mashine yangu nikaizima kabla dijonkta haijaanguka. Akafunga kitambaa upya kichwani. "Mi nilimuambia ni damu, ju we uliniambia," alisema. "Nyota utamuambia we."

Mtoto alikuwa uani anamenya karanga. Nilikaa chini karibu naye, nikamweleza, polepole, kwa maneno ambayo hata mtoto mdogo zaidi angeelewa. Kwamba ile picha ilikuwa ya nyota. Kwamba nilijua. Kwamba sasa mashine imerudi kwenye kazi ya damu, lakini kazi hiyo haina picha, ina kimstari kimoja tu kinachosogea kidogo kidogo. Kwamba pengine itachukua miaka mingi, na pengine haitafika kwake. Hili la mwisho nililisema kwa sauti kamili.

Hakulia. Alimenya karanga moja, akaiweka kwenye sahani, hakuila.

"Basi saa ile yote damu yangu ilikuwa inangoya?"

"Ndiyo," nikasema. "Ilikuwa inangoja."

"Na sasa vile, inangoya?"

Mashine ilikuwa imezimwa, na kutoka jikoni friza ilikuwa inaunguruma; sote watatu tuliisikia. Mtoto akageuza kichwa.

"Mama," akaita, "tuzime frigo kidogo?"

Hatua za dada zikasogea jikoni. Akaichomoa, na friza ikanyamaza. Niliingia ndani nikawasha mashine, na kile kimstari kikaanza kusogea.