Bakuli la Doto

Nilipokuwa mtoto, kule Zagayu, kuna msimu mzima niliokula kwa niaba ya marehemu. Wateja wangu hapa Bariadi nikiwaambia hivyo hucheka, wakidhani fundi ameanza vituko vyake. Mimi sicheki, na mwaka huu ndiyo kabisa.

Nianze na jina langu, maana bila hilo hakuna kitakachoeleweka. Naitwa Doto, jina la pacha wa pili, na sina pacha. Katika nchi hii ya Wasukuma, mtu akisikia unaitwa Doto anauliza swali moja tu: "Kulwa yuko wapi?" Nimeulizwa sokoni, nimeulizwa kanisani, siku ya harusi yangu mshereheshaji aliniuliza kwenye kipaza sauti. Jina nililirithi kwa dada wa baba yangu, aliyekufa kwa surua angali binti mdogo. Mwenzake aliyezaliwa naye, Kulwa, ndiye aliyekuwa shangazi yangu.

Shangazi Kulwa aliolewa kijiji cha Mkula. Mwaka mvua zilipokataa, pamba ikanyaukia shambani na mahindi hayakufika hata magotini, alirudishwa nyumbani kwa Bibi, ambako na sisi tuliishi. Aliletwa kwa baiskeli. Shemeji yake aliyemleta alishusha mzigo, akasalimia akiwa amesimama, akageuza baiskeli bila kunywa hata maji. Mama mkwe alikuwa amesema mbele za watu kwamba nyumba nzima inakonda na mtu mmoja ananenepa, basi huyo mmoja ana mdomo wa pili ambao watu hawauoni.

Maneno ya namna hiyo kwetu hayakuwa ya kuchezea. Mwanamke akishaanza kusemwa kwamba anavuta chakula cha wenzake, hasa mwaka wa njaa, usingizi wa ndugu zake unakatika. Nilimsikia baba akimwambia mama kwamba Kulwa asiende kisimani peke yake. Sikuelewa anaogopa nini. Nilichoelewa ni kwamba watu wazima walikuwa wakinyamaza kila shangazi alipoingia, na mimi nilikuwa nampenda, kwa hiyo ukimya ule uliniudhi.

Alikuwa amenenepa kweli, sitadanganya. Uso ulikuwa umejaa, macho yamekuwa madogo, vidole vimevimba hadi pete haitoki. Lakini haukuwa unene wa mtu aliyeshiba. Ngozi yake ilikuwa kavu, sauti imekuwa nzito kama ya mwanaume, na alivaa sweta jua la saa sita. Akikaa chini, kusimama kulikuwa kazi. Na alichokula tulikiona wote, kwa sababu tulikula pamoja: ugali wa mtama, mlenda, nsansa, yaani majani ya kunde yaliyokaushwa, na asubuhi vipande vya michembe, viazi vitamu vikavu, vilivyochemshwa. Alikuwa wa kwanza kunawa mikono baada ya kula. Mafuta tuliyaona kwenye taa tu.

Mama yangu alihamishia unga chini ya kitanda chake. Mimi nililala mkeka mmoja na shangazi, na mama aliniuliza kila asubuhi.

"Aliamka usiku huyo?"

"Hakuamka, mama."

"Hata kidogo?"

"Alilala tu. Alikoroma."

Bibi ndiye aliyelimaliza suala hilo, kwa njia yake. Siku moja, chakula kikiwa tayari, aliingia ndani akatoka na bakuli la bati lenye ua jekundu, ambalo sikuwahi kuliona likitumika. Alilipangusa kwa khanga yake. Akasema pacha akipewa kitu, na mwenzake lazima apewe, na ndivyo alivyowalea. Doto alipokufa, yeye aliendelea kumtengea sehemu yake, mpaka katekista alipomwambia hayo si mambo ya Mkristo, akaacha. Sasa Doto amechoka kusubiri. Amemwingia mwenzake na anakula humo humo, ndiyo maana Kulwa anakula kidogo na mwili unapokea kingi.

"Atengewe chake," alisema Bibi, "amwache mwenzake."

"Na atakila nani, Mayu?" shangazi aliuliza. Mayu ni mama kwa Kisukuma.

Bibi alinitazama mimi tu, na wote wakanigeukia.

Miaka mingi nilimkasirikia Bibi kwa jambo lile, kisha nikaja kuona alichokuwa anakikimbia. Mkula walishasema Kulwa ni mlaji wa vya watu. Bibi alitafuta mlaji mwingine, aliyekwisha kufa, asiyeweza kupigwa na mtu. Habari ya bakuli ilienea kwa majirani siku ile ile, na nadhani alitaka ienee. Baba alianza kulala tena.

Basi nikawa nakula mara mbili: kwanza na wenzangu, halafu bakuli la Doto, peke yangu, nikiwa nimeelekea magharibi kama alivyoelekeza Bibi. Kaka zangu walinichukia waziwazi. Mimi nilikuwa mtoto mwenye njaa na nilifurahi, kwa nini niseme uongo? Lakini bakuli halikujazwa kutoka hewani. Sufuria lilikuwa lile lile. Bibi alikata kutoka sehemu ya Kulwa, kwa sababu ndiye anayedaiwa na pacha wake. Na Kulwa alipozidi kunenepa, Bibi alizidi kukata.

Mchana shangazi alikaa nyuma ya nyumba na sindano. Gauni zake zilikuwa zinamkataa moja baada ya nyingine, naye aliziachia mishono ya ubavuni kwa mkono ili zipanuke. Mimi nilimtungia uzi, maana macho yake yalikuwa yanachoka. Hapo ndipo nilipojifunza kazi inayonilisha mpaka leo. Mishono ilipokwisha kuachiwa na kitambaa cha akiba cha ndani kikaisha, aliniambia kuna kukata kipande kingine na kukiunga ubavuni, na alikiunga, cha kijani kwenye gauni la bluu. Alicheka mwenyewe. "Nimekuwa bendera," alisema.

Siku hiyo nilimwuliza jambo lililokuwa likinikereketa. Nilitaka kujua kama Doto anasikia ladha ya chakula ninapokula mimi.

Alikata uzi kwa meno. Halafu akasema, kwa sauti yake ile nzito, "Doto hana njaa, mwanangu. Wewe kula."

"Bibi atakasirika nikimwambia?"

"Usimwambie. Kula tu."

Mwishoni mwa kiangazi alianguka lamboni. Tulikuwa tumekwenda kuchota maji yaliyobaki, matope mengi kuliko maji. Alikaa ghafla, ndoo ikamwagika, na hakuweza kuinuka. Nilimvuta mkono mpaka nikalia. Wanawake walisimama na ndoo zao wakimtazama. Mmoja alisema, wala hakunong'ona, "Huyu kala nini kimemlemea hivi mwaka huu?" Shangazi alisikia. Aliangalia maji, akanipapasa mgongo.

"Subiri, mwanangu," alisema. "Miguu inakuja."

Haikuja. Baba alimfuata kwa mkokoteni wa ng'ombe. Zahanati walimpa dawa za kuongeza damu, wakamwambia apumzike. Mvua zilirudi, watu wakalima, tukaanza kuchoma mahindi mabichi, na mchana mmoja wa wiki ile shangazi alijilaza akiwa na sweta lake na hakuamka tena. Msibani watu walisema Doto amemchukua mwenzake. Mama mkwe wa Mkula alikuja akalia kwa sauti kubwa kuliko Bibi. Bibi hakulia. Jioni alilichukua bakuli lenye ua jekundu, akalifudikiza kwenye kona ya chumba chake, na kwa uhai wake wote hakuna aliyeligusa.

Nilikua na swali moja: je, nilikosea kula? Labda sikuelekea magharibi sawasawa. Labda Doto aliona mtoto wa kaka yake anafaidi. Ukiwa mtu mzima unajua huo ni upuuzi, lakini kujua hakukuzuii kuuwaza.

Mwaka jana gauni zangu zilianza kunikataa.

Mimi ni fundi cherehani. Sihitaji mzani, futikamba ninayo shingoni kutwa nzima. Kiuno kiliongezeka, nikaacha soda na maandazi. Kikaongezeka. Nikaacha wali jioni, nikala mchicha, samaki wa Lamadi wa kuchemsha, dona kidogo, matango. Nikaanza kutembea kwa miguu kutoka nyumbani hadi dukani, wenye bodaboda wakawa wananitania kwamba nimewanyima riziki. Kikaongezeka tena. Mume wangu alisema umri. Jirani yangu wa dukani alisema raha ya ndoa. Mteja mmoja, mama mstaarabu kabisa, aliniambia, "Fundi, sema ukweli, usiku unajiiba kwenda jikoni." Nilimkatia gauni lake kwa hasira, na lilitoka vizuri, nasikitika kusema.

Sikutulia. Nilikuwa nahesabu matonge yangu mezani kama mtu anayemvizia mwizi, na mwizi ni mimi. Nililala mapema na kuamka nimechoka. Nilipima kiuno asubuhi na jioni, nikabadilisha futikamba nikidhani imevutika. Niliachia mishono ya ubavuni mwa gauni langu la kanisani, nikaachia tena, kitambaa cha akiba kikaisha. Nikakata kipande cha kitambaa kingine nikaanza kukiunga. Hapo mkono ukasimama. Nilitazama chini nikaona nimevaa sweta, nje jua linachoma, na jirani yangu anajipepea kwa boksi la vifungo.

Nilimpigia mama simu Zagayu. Siku hizi amezeeka, lakini alielewa kabla sijamaliza.

"Ni Kulwa huyo," alisema. "Anafuata sehemu yake. Ulikula bakuli la mwenzake, yeye hakutengewa lolote. Mtengee, Doto. Leo leo."

"Mama, wewe si unasali kila Jumapili?"

"Nasali. Na wewe mtengee."

Nacheka sasa, siku ile sikucheka. Jumapili mchana, mume wangu akiwa kwenye mpira, nilipika. Nilitenga sahani yangu, na pembeni nikaweka bakuli, nikalijaza ugali na nsansa niliyoletewa kutoka nyumbani. Nikakaa. Nilikuwa naogopa, mwanamke mzima na biashara yake, naogopa bakuli la plastiki. Nikajiuliza atakila nani. Utaratibu wa Bibi niliukumbuka vizuri: sehemu ya marehemu inaliwa na mwenye jina. Kulwa hakuacha mwenye jina katika ukoo wetu. Waliobaki mezani ni mimi na mimi. Ningekula sahani yangu, halafu nile na bakuli, ili unene upungue?

Nililitazama lile bakuli mpaka ugali ukaota ngozi. Kisha nikalifunika na kuliweka kando. Kesho yake sikufungua duka. Nilikwenda hospitali.

Daktari alikuwa binti mdogo, ana haraka, foleni imefika nje. Hakuniuliza nakula nini. Aliuliza kama nasikia baridi, kama nywele zinakatika, kama sauti imebadilika. Alinishika shingo kwa vidole viwili, akaniambia nimeze mate. Akasema kuna tezi hapo shingoni inayouambia mwili jinsi ya kutumia chakula, na huenda yangu imelegea, lakini damu ipimwe kwanza. Halafu akaandika, akiwa ameinama, akauliza: "Kwenye familia kuna mtu aliwahi kuwa na hali kama hii?"

Miaka yote hiyo shangazi yangu alikuwa mlaji, kisha kiti alichokalia marehemu, kisha mzimu wa kutengewa chakula. Huyu mtoto wa watu ndiye wa kwanza kuniuliza habari zake kama za mgonjwa.

"Shangazi yangu," nilisema. "Kulwa." Na nikalia hapo hapo, na foleni ikisikia.

Vipimo vilirudi kama alivyodhani. Sijui kama shangazi alikuwa na ugonjwa huu huu. Daktari alisema hawezi kumpima mtu aliyekwisha zikwa, ila alipomaliza kunisikiliza alitikisa kichwa kwa namna iliyonitosha. Sasa nameza kidonge kila asubuhi kabla ya kula chochote. Kiuno kinarudi taratibu, si chote. Sweta nimelitundika. Mama nimemweleza, akasema sawa, dawa ni nzuri, na bakuli pia halidhuru.

Ninachobaki nacho ni asubuhi, nikisubiri kidonge kishuke kabla ya chai, tumbo likinguruma. Ni njaa ndogo, inapita. Lakini kila siku inanipeleka nyuma ya nyumba ya Bibi, kwenye uzi na sindano, kwa mwanamke ambaye kijiji kizima kilisema anakula kuliko wote, na ambaye chakula chake kilikuwa tumboni mwangu. Aliniambia Doto hana njaa, nami nikafurahi, nikaenda kula. Sikumwuliza kama yeye anayo. Hakuna aliyemwuliza.